Ahadi ni Deni: Kupanga Huduma za Ziada katika Mfumo wa Kuweka Nafasi Mtandaoni

Mada kwa wenye nyumba za wageni, mameneja na wahudumu wa mapokezi, Zanzibar

1.0 Utangulizi

Mgeni anayeshuka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume akiwa amelipia chumba Mji Mkongwe bado ana mahitaji mengi. Anataka gari. Gari hilo litaishia barabara kubwa, maana vichochoro vyetu haviingiliki, kwa hiyo anataka na mtu wa kumbebea mizigo hadi mlangoni. Kesho yake atataka kwenda Changuu kuwaona kobe, Jozani kuwaona kima punju, au Kizimbani kwenye mashamba ya viungo. Tusipompangia sisi, papasi yuko nje anamngoja.

Programu nyingi za kuweka nafasi zina sehemu ya huduma za ziada. Wengi wetu huijaza mara moja tu, siku mfumo unapoanza kutumika, kisha tukaisahau. Mada hii inasema kwamba sehemu hiyo ndiyo inayohitaji uangalizi kuliko zote. Tangazo la ukutani mgeni hulisoma akapita; huduma aliyoichagua na kuilipia kwenye mfumo inamfanya mwenye nyumba kuwa mdaiwa.

2.0 Ya ziada na ya lazima

Kipimo ni rahisi: je, mgeni anaweza kuikataa huduma hii na bado akalala? Kama hawezi, hiyo si ya ziada. Kodi na tozo za kila usiku ziingie kwenye bei ya chumba au zionyeshwe wazi kabla ya malipo, zisifichwe katika orodha ya futari na baiskeli.

Vilevile, kisanduku cha huduma ya ziada kiachwe kitupu, mgeni akitie alama mwenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za haki za mlaji zilizoanza kutumika Juni 2014 zinampa mnunuzi haki ya kurudishiwa fedha alizotozwa kwa kisanduku kilichotiwa alama kabla. Nchini Marekani, tangu Mei 2025 watoa malazi ya muda mfupi wanatakiwa kutaja bei ikiwa pamoja na ada zote za lazima. Wageni wetu wengi wanatoka huko, na wanakuja na mazoea hayo.

3.0 Bei inahesabiwa kwa nini?

Hapa ndipo fedha hupotea. Mfumo huuliza kama bei ni kwa nafasi nzima, kwa mtu, kwa usiku, au kwa mtu kwa kila usiku. Tuchukue mfano wa familia ya watu 4 watakaolala siku 5. Chakula cha jioni ni shilingi 20,000 kwa mtu. Kikipangwa sawasawa, yaani kwa mtu kwa kila usiku, jumla ni 400,000. Kikiwekwa kwa nafasi nzima, familia hiyo itakula siku zote 5 kwa shilingi 20,000.

Kosa huenda upande wa pili pia. Gari la uwanja wa ndege la shilingi 50,000 likiwekwa kwa mtu kwa kila usiku, familia ile ile itaonyeshwa shilingi 1,000,000. Mgeni huyo hatapiga simu kuuliza. Ataondoka kimya kimya, na sisi tutalalamika kwamba msimu ni mbaya.

Watoto wapangiwe bei yao, na umri utajwe. Neno "mtoto" peke yake huzua ubishi mapokezini.

4.0 Kiasi, notisi na majira

Kila huduma ina mwisho wake. Kama gari ni moja, mfumo uambiwe ni moja kwa muda huo. Kama mpishi huenda sokoni asubuhi, chakula cha jioni kisipokewe baada ya yeye kuondoka. Mifumo mingi inaruhusu kuweka saa za notisi.

Bahari nayo ina ratiba yake, na programu haiijui. Maji hujaa na kupwa kwa saa zinazosogea mbele takriban dakika 50 kila siku. Yakipwa Jambiani, hasa wakati wa bamvua, watu hutembea kwa miguu hadi mashamba ya mwani na boti hukaa juu ya mchanga. Anayeandika kwenye mfumo kwamba safari ya boti ni saa 3 asubuhi mwaka mzima anaahidi asichonacho. Aandike kwamba saa ya kuondoka hufuata maji na itathibitishwa siku moja kabla.

Ramadhani vilevile husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Huduma ya futari, au ya chakula cha mchana kwa wageni wasiofunga wakati migahawa mingi imefungwa, ipangiwe tarehe upya kila mwaka.

5.0 Saa ya nani?

Kuna nyumba moja, nisiyoitaja, iliyompokea mgeni wa ndege ya saa 03:00. Mfumo uliandika hivyo, mhudumu akampelekea dereva ujumbe: "Mgeni saa 3." Dereva alifika uwanjani saa tatu asubuhi, saa sita baada ya ndege kutua. Hakuna aliyekosea kusoma; kila mmoja alisoma saa ya kwao.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, huduma ya gari isikubaliwe bila mgeni kujaza namba ya ndege. Pili, mhudumu amwandikie dereva kwa maneno kamili: "saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne".

6.0 Mapendekezo

Kwanza, tuanze na huduma 5 au 6 tunazoziweza, kila moja ikiwa na picha yetu wenyewe na maelezo ya kilichomo na kisichomo.

Pili, kila huduma iwe na mwenyewe: dereva, nahodha, mpishi au mtembeza wageni, apate taarifa mara tu nafasi inapothibitishwa au kufutwa.

Tatu, masharti ya kurudisha fedha yaandikwe kwa kila huduma, ikiwemo boti inayozuiwa na upepo.

Nne, wageni wanaopitia mawakala wa mtandaoni mara nyingi hawaoni orodha yetu. Watumiwe ujumbe mfupi baada ya kuweka nafasi, wenye huduma zile zile na bei zile zile.

7.0 Hitimisho

Kabla ya kulala leo, kila mshiriki afungue mfumo wake na ajiwekee nafasi kama mgeni: watu wanne, siku tano, huduma zote. Asome jumla aliyopewa. Kisha apitie huduma moja moja, na ile asiyoweza kumtaja kwa jina mtu atakayeitekeleza kesho asubuhi, aizime.