NENO "NOON" NA SAA TISA YETU

(Mazungumzo na wanafunzi, siku ya mkutano wa waliosoma hapa Mlali)



Nimeombwa niseme juu ya lugha. Nimechagua neno moja tu la Kiingereza, "noon". Mnafundishwa kwamba ni saa sita mchana, na ni kweli. Lakini asili yake ni Kilatini, "nona hora", yaani saa ya tisa. Warumi walihesabu saa kuanzia macheo, kama mama zenu wanavyohesabu. Saa yao ya tisa ilikuwa saa tisa yetu hii ya alasiri. Watawa wa Ulaya walisali saa hiyo, na siku za mfungo hawakula mpaka sala iishe. Inasemekana njaa ndiyo iliyoirudisha sala nyuma kidogo kidogo. Kufikia karne ya 14 neno lilikwisha hamia adhuhuri. Wahispania nao wana "siesta", usingizi wa mchana, kutoka "sexta", saa ya sita. Hilo halikuhama.

Kwa nini Ulaya waliiacha hesabu hiyo? Mchana wao hurefuka na kufupika mno. Saa ya Mrumi majira ya joto ilikuwa ndefu kuliko ya majira ya baridi. Zilipokuja saa za mitambo, zenye mwendo mmoja, haikufaa tena. Hapa Mlali, mchana mrefu na mfupi wa mwaka hazipishani hata saa moja. Jua huchelewa kidogo nyuma ya Uluguru, basi.

Nayasema haya kwa sababu ya kazi yangu. Ofisi moja, sitaitaja, ilimwita mama mmoja wa milimani kwa shauri la shamba. Barua ilisema "saa 9.00", bila neno zaidi. Akateremka kwa miguu, akafika saa tisa alasiri, kama ilivyoandikwa. Shauri lilikwisha sikilizwa asubuhi bila yeye. Karani akaniambia mama yule hajui saa. Mimi naona aliijua barabara. Mwandishi ndiye aliyefikiri kwa Kiingereza akaandika kwa Kiswahili. Shauri lilifunguliwa upya baada ya miezi minne, na mahindi yalikwisha vunwa na mwingine.

Ninyi mtakaokuwa makarani na mabwana shamba, andikeni "saa 3.00 asubuhi", neno zima. Sasa ni saa saba kasoro robo, na wapishi wananitazama.