Nyumbani ni wapi? Timu ya tenisi ya wanawake wa Ukraine

[Muziki wa kipindi, sekunde kumi, kisha unashuka]

Leo tunazungumza tenisi. Najua, najua. Hapa Kakuma tenisi tunaionea kwenye televisheni ya kinyozi, na hata hapo lazima mtu aseme, "Badilisha, weka mpira." Nivumilie kidogo.

Tangu juma lililopita tunapokea ujumbe kuhusu mabinti wa mpira wa wavu wanaojiandaa kwa mashindano ya zoni. Baadhi yao wanataka timu iitwe kwa jina la nchi walikotoka wazazi wao. Wenzao wanakataa. Wanasema nchi hiyo ndiyo iliyotufukuza, na wengine hata hatujawahi kuiona. Mimi si wa kuamua. Nimewaletea habari ya timu nyingine.

Kuna mashindano ya timu za taifa za wanawake yanayoitwa Billie Jean King Cup. Yalianza London mwaka 1963 kwa jina la Federation Cup. Jina la sasa lilikuja 2020, nalo ni la mchezaji Mmarekani aliyepigania wanawake walipwe sawa na wanaume. Kwa miaka mingi timu zilikutana nyumbani au ugenini, na aliye nyumbani ndiye aliyechagua uwanja. Usidhani ni jambo dogo. Kwenye udongo mpira hupunguza kasi na kuruka juu. Kwenye nyasi huteleza na kubaki chini. Mwenyeji huchagua kile kitakachomsumbua mgeni, tena nyuma yake wako mama, jirani na mwalimu wake wanapiga makofi.

Sasa nyumbani kukiwa na vita, unachagua nini?

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Mchezaji Dayana Yastremska, wakati huo ana miaka 21, alikuwa kwao Odesa. Familia ilijificha kwenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Kisha wazazi wakamvusha yeye na mdogo wake wa miaka 15 mto Danube kuingia Romania. Wazazi wenyewe wakabaki. Siku chache baadaye Dayana alikuwa uwanjani Lyon, Ufaransa. Alifika fainali, akashindwa, na pesa za zawadi akasema ziende kwa watu wa kwao. Wengi wenu mnaujua mto wa namna hiyo, ingawa wenu una jina lingine.

Aprili mwaka huohuo alivaa jezi ya taifa pale Asheville, Marekani. Marekani ilishinda 3-2. Mwaka 2024 Ukraine ilikutana na Romania, nchi jirani kabisa, mto tu katikati. Wakachezea wapi? Florida! Majirani wawili walivuka bahari ili wakutane. Romania ikashinda.

Halafu ikaja Aprili 2025, na hapa ndipo ninapopapenda. Kundi lao lilichezewa Radom, nchini Poland. Poland imewapokea Waukraine wengi sana tangu vita ianze, na Poland hiyohiyo ilikuwa kundini pamoja na Uswisi. Yaani mgeni alipaswa kumshinda aliyempa pa kulala, tena nyumbani kwake. Sisi tuliowahi kucheza na vijana wenyeji wa hapa tunajua ule wasiwasi: ukifunga bao unashangilia, au unarudi katikati kimya kimya? Elina Svitolina, Marta Kostyuk na wenzao hawakurudi kimya. Waliishinda Uswisi, wakaishinda Poland, wakafuzu fainali za Shenzhen, China. Huko Septemba wakaitoa Hispania na kuingia nusu fainali. Italia iliwashinda 2-1, kisha ikachukua kombe.

Nisiwadanganye. Wale si sisi. Wana pasipoti, wana makocha, Svitolina ni tajiri. Hakuna anayesubiri kibali ili atoke getini. Lakini kuna kingine pia walichonacho: bendera yao bado inapandishwa. Urusi, iliyokuwa bingwa wa 2021, ndiyo iliyosimamishwa na shirikisho la tenisi la dunia mwezi Machi 2022.

Kwetu imekuwa tofauti. Rio 2016, Rose Nathike Lokonyen, aliyekulia hapa Kakuma, aliongoza timu ya wakimbizi. Walikuwa wanamichezo kumi, watano wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopitia kambi hii. Rose alibeba bendera ya Olimpiki, si ya nchi yake. Kuna mzee aliyeniambia siku ile alilia kwa furaha. Kuna mwingine aliyelia kwa sababu ile bendera haikuwa yake. Naona wote wawili walikuwa na haki ya kulia.

Mabinti wa wavu wanakutana Alhamisi saa kumi jioni, kwenye kivuli cha shule, kuchagua jina. Kabla ya hapo nataka kuwasikia kina mama hasa, maana hadi sasa waliopiga simu karibu wote ni wanaume. Ungependa binti yako aitwe kwa jina gani uwanjani? Na nyinyi mabinti, je, jina hilo mtalipigia kelele kwa moyo? Simu ziko wazi.

[Muziki unapanda]