Wayahudi na Waarabu: ugomvi wa ardhi ulianzia wapi?



Kila tunapozungumza juu ya amani katika baraza hizi, mtu husimama na kusema: "Acheni hayo. Isaka na Ishmaeli wanapigana tangu zamani, vita vya damu haviishi." Leo tunaomba kujibu neno hilo, kwa sababu tunalisikia pia juu ya makabila yetu.

Ugomvi huu una umri wa karne moja na zaidi kidogo tu. Chini ya utawala wa Waturuki, Waislamu, Wakristo na Wayahudi wachache waliishi Palestina. Hawakuwa sawa mbele ya sheria, lakini vita vya kugombea nchi havikuwapo.

Shida ilianzia mbali, Ulaya. Huko Urusi, kuanzia 1881, Wayahudi walivamiwa, wakaporwa na kuuawa. Wengi walikimbilia Marekani. Wengine wakasema, bila nchi yetu hatutapona. Mwaka 1897 walikutana Basel, Uswisi, wakiongozwa na Theodor Herzl. Hata Afrika iliingizwa: mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa ardhi Uasin Gishu, leo ni Kenya. Mwaka 1905 walikataa.

Hapa tunaomba msikilize vizuri. Sheria ya Waturuki ya 1858 ilidai kila shamba liandikishwe. Wakulima wengi waliogopa kodi na kuchukuliwa jeshini, wakanyamaza. Matajiri wa mjini wakaandikisha ardhi hiyo kwa majina yao. Miaka ya 1920, familia ya Sursock ya Beirut iliuza mashamba makubwa ya bonde la Marj Ibn Amir kwa mashirika ya Kiyahudi. Mnunuzi alilipa, karatasi zilikuwa halali. Lakini waliolima pale toka kwa babu zao wakatolewa. Mmoja alishika karatasi, mwingine jembe. Jambo hilo mnalijua.

Waingereza waliongeza moto. Mwaka 1917 waliwaahidi Wayahudi makao ya taifa Palestina, hali 1915 na 1916 walikuwa wamewapa Waarabu ahadi ya uhuru, na Waarabu walielewa kwamba Palestina imo. Mwaka 1922 Wayahudi walikuwa kama 84,000 kati ya watu 757,000. Kisha Wanazi wakaua Wayahudi milioni 6, na wengi waliopona hawakuwa na pa kurudi. Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ukapendekeza nchi igawanywe. Viongozi wa Wayahudi walikubali, wa Waarabu walikataa.

Katika vita vya 1948, Israeli ilipozaliwa, Wapalestina kama 700,000 walikimbia au walifukuzwa. Wengi walifunga mlango na kubeba ufunguo, wakidhani ni majuma machache. Miaka iliyofuata, mamia ya maelfu ya Wayahudi nao waliacha nyumba zao Iraki, Yemeni, Misri na Moroko.

Juma lililopita mama mmoja hapa alituuliza kama wajukuu wetu nao watazaliwa chini ya shitingi. Hatukuwa na jibu. Lakini wanaokumbuka mipaka ya mashamba bado wako hai. Jumamosi tutaleta daftari: tuandike nani alilima wapi, alipewa na nani, jirani yake ni nani. Waliobaki kijijini, hata wanaolima mashamba yenu sasa, nao tutawauliza. Waanze wazee.