Kupita Ukutani: Waya, Kateta na Mshipa Ulioziba

Mshipa uliosinyaa na mshipa ulioziba kabisa ni maradhi mawili tofauti kwa anayeshika kateta, ule mrija mwembamba unaoingizwa mshipani. Ule wa kwanza bado una njia: waya unapita, puto linafuata, mgonjwa anarudi wodini. Wa pili hauna njia. Kizuizi kilichokaa miezi mitatu na zaidi huota kifuniko kigumu cha nyuzi na chokaa, na waya tunaopeleka kwenye moyo una unene wa milimita 0.36 tu. Jioni hii nazungumzia waya huo unapogoma.

Historia nitaipita haraka. Tarehe 16 Januari 1964, Portland, Marekani, Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza. Bibi alikataa katakata kukatwa mguu. Dotter hakuwa mpasuaji, alikuwa mtaalamu wa eksirei. Akapitisha kateta nene juu ya nyembamba hadi mshipa wa paja ukapanuka. Mguu ukapona. Wapasuaji wa kwao hawakufurahi, na kuna waliomletea mgonjwa kwa sharti la kupiga picha tu, asiguse kitu. Ulaya ndiko alikosikilizwa: Andreas Grüntzig alitengeneza maputo jikoni kwake Zürich, na tarehe 16 Septemba 1977 akapanua mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho. Stenti, vile vijibomba vya wavu vinavyoachwa ndani kuushikilia mshipa wazi, zikaja 1986.

Lakini puto na stenti havina kazi mpaka waya uvuke. Hapo ndipo napenda kukaa.

Mwaka 1987, Leicester, Uingereza, Amman Bolia alikuwa akihangaika na mshipa wa mguu ulioziba, waya ukamponyoka ukaingia ndani ya ukuta wa mshipa. Ukuta huo una matabaka matatu, na lile la ndani hubanduka kwa urahisi, kama plasta iliyoachana na tofali. Mafunzo ya wakati ule yalikuwa wazi: ukiingia ukutani umeharibu, chomoa. Bolia hakuchomoa. Aliendelea mbele hadi waya ukarudi kwenye njia ya damu chini ya kizuizi, akajaza puto, damu ikapita.

Siku hizi tunaingia ukutani kwa makusudi. Ncha ya waya hukunjwa iwe kitanzi, kwa sababu waya ulionyooka hutoboa, kitanzi hubandua. Kwenye skrini unakiona kikishuka taratibu. Kikianza kutanuka kuzidi upana wa mshipa, mkono usimame hapo hapo. Kushuka, kusema kweli, si kugumu sana. Kazi iko kwenye kurudi ndani. Pengine tabaka huachia lenyewe. Pengine hutakiwa sindano ndogo iliyopinda, itoke ubavuni mwa kateta na kutoboa kuelekea kwenye damu.

Kwenye moyo, mabingwa wa Japani waliendeleza ujanja wa kuingia kwa nyuma. Waya hupelekwa kupitia mshipa mwingine ulio mzima, ukafuata vishipa vya ukuta unaogawa moyo, ukatokea upande wa pili wa kizuizi, ambako mara nyingi kifuniko ni laini zaidi. Waya mwingine huja kwa mbele. Nyaya hizo mbili zikikutana ukutani, puto hujazwa kuziunganishia nafasi. Ni kazi ya saa kadhaa: eksirei nyingi, dawa ya kuonyesha mishipa inayoweza kuumiza figo, na hatari ya kutoboa mshipa hadi damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kuubana.

Je, kuna faida? Utafiti wa EuroCTO, uliochapishwa 2018, ulionyesha wagonjwa waliozibuliwa wakipata nafuu zaidi ya maumivu ya kifua kuliko waliopewa dawa peke yake. DECISION-CTO wa mwaka 2019 haukuona upungufu wa vifo. Kwa hiyo mgonjwa wangu namwahidi kupanda ngazi bila kifua kumbana, nikifanikiwa, simwahidi miaka. Asiye na maumivu, ambaye msuli wa moyo ulioko mbele ya kizuizi umeshageuka kovu, simlazi mezani ili nionyeshe kwamba naweza.

Mguu wa mgonjwa wa kisukari una hesabu nyingine. Hapo mishipa ya chini ya goti imeziba, kidonda hakiponi, na fomu ya kukata mguu iko tayari. Hata mshipa uliozibuliwa ukiziba tena baadaye, miezi michache ya damu yaweza kutosha kidonda kufunga. Tanzania tuna mitambo ya kateta, Hospitali ya Muhimbili ikiwemo. Ninachoomba kwa wakuu wa wodi ni kidogo: kabla ya fomu hiyo kusainiwa, mtu apime presha ya damu kifundoni kwa kitambaa cha presha na kifaa cha Doppler kinachosikiliza mwendo wa damu, na kwa kuwa mishipa yenye chokaa ya wenye kisukari hudanganya kipimo hicho, apime na ya kidole gumba cha mguu.