Nani Anaongozwa? Ziara ya Vijana kutoka Kitale hadi Bungoma

Kila tunapopanga kuwapeleka vijana wa Kitale wakaone chuo kikuu na bunge la kaunti kwa safari moja, huzuka mtu akasema mambo hayo mawili yasichanganywe. Mtoto asome kwanza, uongozi atauona akishahitimu. Nimeyasikia hayo barazani, kwenye mikutano ya wazazi, hata kwa wenzangu wenye uzamivu. Hoja hiyo si ngeni: historia ya chaguzi za kikoloni mnaijua, kwa hiyo naipita, ila hati moja siwezi kuiruka.

Ni taarifa ya ofisa wa kikoloni Walter Coutts, iliyotoa masharti ya kura ya Waafrika wa Kenya ya Machi 1957. Naipenda, Mungu anisamehe, kwa sababu haina haya. Sifa zimepangwa kama bidhaa kwenye rafu za duka: umefikia kiwango fulani cha shule, chukua kura, una mapato au mali ya kutosha, chukua nyingine, umetumikia kazi miaka mingi, vivyo hivyo. Mtu mmoja aliweza kufikisha kura tatu. Jirani yake asiye na sifa hata moja alibaki kutazama. Ni uchaguzi huo uliompeleka Masinde Muliro kwenye Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Nyanza Kaskazini.

Basi anayehubiri “elimu kwanza” hudhani anatupa busara ya wazee, kumbe anamkariri Coutts. Atanijibu kwamba Muliro mwenyewe alisoma Cape Town kabla ya kuingia siasa. Ni kweli, lakini waliompa kiti hawakutoka Cape Town. Tena tusijidai kwamba hayo yamepita: sheria yetu ilimdai mbunge digrii hadi Mahakama Kuu iliposema mwaka 2022 kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Gavana bado anadaiwa.

Sikatai faida ya kuona chuo. Kijana anayejaza kozi za KUCCPS, mfumo wa kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, bila kuwahi kukanyaga maabara anabahatisha tu. Niliwahi kufuatana na kidato cha tatu kutoka Kitale, tukapitia Kiminini na Kamukuywa hadi Chuo Kikuu cha Kibabii. Mwenyeji wetu akaeleza kwamba mlango wa digrii ni alama ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Msichana mmoja, kipande cha muwa bado mkononi, akauliza: “Na mwenye D, mwalimu, yeye ni wa kuongozwa tu?” Akajibiwa vizuri sana kuhusu kozi za cheti na vyuo vya ufundi. Hakuwa ameuliza hilo.

Kwa hiyo, pamoja na hoja zote za nauli na vipindi vitakavyopotea, ambazo nimezipima na ni nzito, nashikilia langu: basi lisimame kwanza Bungoma mjini, vijana wapande roshani ya umma ya bunge la kaunti, na wenye D wawemo. Ibara ya 196 ya Katiba inataka vikao vya bunge la kaunti viwe wazi kwa wananchi. Haitaji cheti chochote. Wenzangu wa Idara ya Elimu wananionya kwamba huenda wakakuta viti vingi vitupu. Wavihesabu basi, na wakifika Kibabii mchana wamuulize mwenyeji wao wenye viti hivyo walisomea wapi.