Nguvu ya Yatokanayo: Jinsi Shauri la Mkazi Linavyosafiri Kutoka Mtaani Hadi Jijini

Mada kwa wakazi wa Kata ya Ngarenaro kuhusu kazi za kawaida za vikao vya mtaa na kata



Jina la kata hii limetokana na lugha ya Kimaasai: engare ni maji, na narok ni nyeusi. Waliotangulia kukaa hapa waliupa mto jina, na mto ukaipa kata. Hadi leo jambo linaloisumbua kata kila masika ni lile lile la maji: maji yanayoteremka kutoka Mlima Meru, yakakuta mitaro imejaa taka, yakatafuta njia nyingine katika viwanja na vyumba vya watu. Ndiyo maana mada hii juu ya vikao imechagua mtaro kuwa mfano wake. Mtaro ulioziba ni jambo dogo, lakini safari yake kutoka kwenye malalamiko hadi kwenye utekelezaji inaonyesha kila mlango ambao shauri la mkazi hulazimika kupita.

Kwanza ni vema ikumbukwe kwamba serikali za mitaa hazikuwapo siku zote. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa nchini na kazi zake zikapewa watumishi wa Serikali Kuu chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Huduma za miji zilizorota, usafi ukiwa miongoni mwake, hata mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurejesha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria ambazo hadi sasa ndizo msingi wa mfumo huu: Sheria Namba 7 ya Mamlaka za Wilaya, Namba 8 ya Mamlaka za Miji na Namba 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa. Katiba nayo, katika Ibara ya 145 na 146, inatamka kuwapo kwa vyombo hivi na kusema kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo kikao cha mtaa ni haki iliyowahi kuondolewa, ikaonekana pengo lake, ikarudishwa. Hakikuanzishwa kwa hisani ya kiongozi yeyote.

Ngazi ya chini kabisa katika jiji ni mtaa. Mwenyekiti wa Mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, pamoja na wajumbe wa Kamati ya Mtaa. Uchaguzi uliopita ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Afisa Mtendaji wa Mtaa ni mwajiriwa wa Halmashauri, na ndiye mwandishi na mtunza kumbukumbu. Juu ya wote hao upo Mkutano wa Mtaa, ambao ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Mpangaji wa chumba kimoja ana nafasi ndani yake sawa na mwenye nyumba ya ghorofa.

Juu ya mtaa ipo Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni Diwani, na Katibu wake ni Afisa Mtendaji wa Kata. Wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe, pamoja na diwani wa viti maalumu anayeishi katika kata. Wataalamu kama Afisa Afya, Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Elimu wa Kata hualikwa kutoa taarifa na ushauri, lakini hawapigi kura. Mpangilio huo una maana yake: mtaalamu anaeleza yanayowezekana, na mwakilishi wa wananchi anaamua yatakayotangulia.

Ajenda ya vikao hivi inafahamika na wengi huiona kuwa ya kuchosha. Kikao hufunguliwa, akidi huthibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa na kuthibitishwa, yatokanayo na muhtasari hujadiliwa, taarifa za utekelezaji hutolewa, mapato na matumizi husomwa, kisha huja mengineyo na kufunga. Wakazi wengi hufika wakiwa wamesubiri mengineyo, kwa kuwa hapo ndipo mtu anaponyanyua mkono akasema lililo moyoni. Hilo lina faida yake, lakini lina hasara kubwa zaidi. Mengineyo huja jua likiwa limekwisha kuwa kali na nusu ya watu wameondoka; na jambo linaloibuliwa hapo mara nyingi halina aliyepewa kulishughulikia wala tarehe ya kulirejesha.

Penye nguvu zaidi ni yatokanayo. Katika sehemu hiyo kila jambo lililokubaliwa kikao kilichopita hutajwa tena moja baada ya jingine, na aliyekabidhiwa huulizwa amefikia wapi. Kwa mfano, muhtasari ukisema, "Mtendaji aandike barua kwa TARURA kuhusu mtaro ulioziba, ifikapo mwisho wa mwezi," basi kikao kinachofuata kitataka kujua kama barua iliandikwa, ilipokelewa lini na ilijibiwa nini. Ukisema, "Wananchi walilalamikia mtaro," hakuna atakayeulizwa lolote. Sentensi ya kwanza ina mhusika, kazi na tarehe. Ya pili ina huzuni tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na shauri lisiloandikwa vema nalo hupotea hivyo hivyo.

Hapa yafaa kusemwa wazi jambo linalowakatisha tamaa wakazi wengi. Kata haina fungu kubwa la fedha, na huduma nyingi zinazolalamikiwa katika vikao vyake zinasimamiwa na vyombo vingine. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri, pamoja na mitaro na makalavati yake, zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji na mfumo wa majitaka ni kazi ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha, AUWSA. Umeme ni wa TANESCO. Uzoaji wa taka ngumu ndio uliobaki mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, na taka hizo hupelekwa katika dampo la Muriet.

Mtu akiyasikia hayo anaweza kuuliza kikao cha kata kina faida gani, ikiwa kila jambo ni la mwingine. Jibu lipo katika mtaro ule ule. Mtaro uliojengwa kando ya barabara ni wa TARURA. Taka zilizouziba ni suala la Halmashauri na la kaya zinazozitupa. Bomba lililopasuka karibu yake ni la AUWSA. Mkazi mmoja akienda katika ofisi hizo peke yake, kila moja inaweza kumwelekeza kwa nyingine, na kila moja ikawa imesema kweli. Kamati ya Maendeleo ya Kata ndiyo meza ambapo wahusika wote wanaweza kuitwa siku moja, wakasikia jambo moja, na kila mmoja akaandikiwa sehemu yake katika muhtasari mmoja. Kata isiyo na fedha bado ina uwezo wa kuita, kuandika na kuuliza tena.

Jambo la pili ni majira. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Vipaumbele vya mitaa hukusanywa na kata miezi mingi kabla, vikapitia katika kamati za kudumu za Halmashauri na Baraza la Madiwani, kisha mkoani na TAMISEMI. Ifikapo Aprili, Bunge la bajeti limekwisha kuanza Dodoma. Aprili ndio mwezi ambao masika yamepamba moto na mkutano wa mtaa hujaa watu wenye viatu vya tope, kila mmoja akidai mtaro. Madai hayo ni ya haki, lakini bajeti inayoanza Julai tayari imekwisha andaliwa. Mahali pake panapofaa ni baada ya masika, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati vumbi limerudi na mtaro umesahauliwa. Mtaa unaoweka kumbukumbu ya mahali maji yalipopita, kaya zilizoathirika na kina cha maji, kisha ukaipeleka kumbukumbu hiyo katika kikao cha kiangazi, hupata nafasi nzuri kuliko mtaa unaongoja mvua nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huzibwa kabla ya mvua.

Jambo la tatu ni wajibu wa wakazi wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na inazipa mamlaka za serikali za mitaa dhamana ya taka ngumu. Vilevile Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi imetengwa kwa usafi nchini kote. Mtaro uliozibuliwa Jumamosi na kutupiwa taka Jumatatu hauwezi kupata nafuu kwa azimio lolote. Hata hivyo mtaa hauwezi kujitungia faini. Tofauti na kijiji, mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Hizo hutungwa na Halmashauri na kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mkazi anayetozwa faini ana haki ya kuuliza imetokana na sheria ndogo ipi, na ana haki ya kupewa stakabadhi.

Hilo linafungua mlango wa fedha. Malipo halali ya umma hufanywa kwa kumbukumbu namba na hutolewa stakabadhi ya mfumo. Mchango uliokubaliwa katika mkutano nao huwa na kiasi, sababu na mtunza hesabu vilivyoandikwa katika muhtasari, na taarifa yake husomwa mbele ya waliochanga na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kiongozi mwaminifu hufurahia maswali ya namna hiyo, kwa kuwa yanamlinda. Mahali pasiposomwa mapato na matumizi, mwaminifu na asiye mwaminifu hufanana machoni pa watu.

Yapo mashauri mengine mawili ambayo hupita katika kata, na ambayo yamebadilika bila wengi kuarifiwa. La kwanza ni migogoro ya ardhi. Baraza la Kata, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, lilikuwa na uwezo wa kuamua mashauri madogo ya ardhi. Kwa marekebisho ya mwaka 2021 uwezo huo wa kuamua uliondolewa, na Baraza likabaki na kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa katika siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayeahidiwa hukumu ya kiwanja katika ngazi ya kata hana budi kujua kwamba hukumu hiyo haipo, na kwamba usuluhishi wenye maandishi na sahihi za pande zote una thamani yake.

La pili ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba, na msingi wake umo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kwa marekebisho ya mwaka 2018. Mwaka 2023 ilisimamishwa ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye wa kwanza kuonwa na kikundi kinachotaka kuomba. Hakuna haja ya kumpitia mtu wa kati, wala kumlipa. Na kwa kuwa fedha hizo zinatokana na mapato ya ndani, kikundi kinachorejesha mkopo kinampa jirani nafasi ya kukopa.

Ndugu wakazi,

Mikutano ya Baraza la Madiwani nayo iko wazi kwa wananchi, isipokuwa pale Baraza linapoamua kujigeuza kamati. Mkazi anaweza kuketi na kusikiliza kama jambo la kata yake limetajwa. Lakini anayeanzia Barazani amechelewa. Shauri huanza katika Mkutano wa Mtaa, kwa watu wachache wanaofika mapema, wanaosikiliza muhtasari ukisomwa hadi mwisho na kusahihisha palipokosewa kabla haujathibitishwa. Muhtasari uliokwisha kuthibitishwa ndio ushahidi. Aliyenyamaza wakati ukisomwa ni vigumu kuukana baadaye.

Kwa hiyo, katika mkutano ujao wa kila mtaa wa Ngarenaro, yapo maswali matatu yanayofaa kuulizwa kwa heshima, pale Mwenyekiti atakapofika kwenye yatokanayo. Je, jambo lililokubaliwa mara iliyopita alipewa nani? Limefikia wapi? Na litarejeshwa lini mbele ya wananchi? Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa wala sauti kali. Yakiulizwa kila kikao, na majibu yakaandikwa kila kikao, masika yajayo yatakuta mtaro wenye mtu anayewajibika kwa jina la cheo chake. Huo ndio mwanzo wa mtaro uliozibuliwa.