Kwa Nini Tunampima Mtoto Kilo Kwanza

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nataka kujibu swali ambalo mama mmoja aliniuliza kwa hasira.

Mama huyu alifika kituoni mapema, akawa wa tatu kwenye foleni. Baadaye akaja mwingine na mtoto aliyelegea shingo, nami nikampitisha huyo moja kwa moja ndani. Zamu ya yule wa kwanza ilipofika, nikamchukua mtoto wake nikamweka kwenye mizani kabla hata ya kusikiliza shida yake. Akaniambia, "Sista, nimeleta mtoto atibiwe, sikuleta majani yauzwe." Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki: mambo haya mawili, kumpitisha mgonjwa mbele na kupima kilo, yametoka wapi?

Yametoka kwa walimu ambao huenda hujawahi kuwasikia. Mmoja wao ni Profesa Grace Irimu, daktari wa watoto anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Yeye na wenzake, akiwemo Dkt. Mike English wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walijiuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi: tukishamfundisha daktari au muuguzi, je, mtoto wodini anaona tofauti yoyote?

Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali katika wilaya 13 za Kenya. Hospitali nyingi hazikuwa na utaratibu wa kutazama ni mtoto yupi aliye hatarini zaidi. Aliyekuwa akipigania pumzi aliweza kungoja nyuma ya mwenye mafua. Kumbukumbu za wagonjwa nazo zilijazwa nusunusu.

Basi wakatengeneza pamoja na Wizara ya Afya kijitabu kidogo cha kuingia mfukoni, kinachoonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kumtibu mtoto mahututi, na dawa kiasi gani kwa kila kilo. Kisha wakaandaa mafunzo ya siku tano yanayoitwa ETAT+. Mimi nimeyapitia. Hukai tu kuandika daftarini. Unapewa mwanasesere, unaambiwa huyu hapumui, na wenzako wote wanakutazama mikono inavyotetemeka.

Halafu wakayapima mafunzo yao wenyewe, na hapa ndipo ninapowaheshimu. Kati ya mwaka 2006 na 2008 walifuatilia hospitali 8 za wilaya kwa miezi 18. Nne zilipewa mafunzo kamili, wasimamizi wa kuzitembelea, na mtu wa pale pale wa kuwakumbusha wenzake. Nne nyingine zilipewa vijitabu vile vile, mihadhara ya siku moja na nusu, na ripoti za kuandikwa tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya watoto 100 walioishiwa maji vibaya kwa kuhara, walioandikiwa maji ya mshipa ya kutosha walikuwa 67 katika hospitali za mafunzo kamili, na 41 katika zile nyingine. Wakati huo malaria kali ilitibiwa kwa kwinini. Siku hizi tunatumia artesunate. Kwinini ikizidi ni hatari kwa mtoto. Walioandikiwa kupita kiasi walikuwa mmoja kati ya 100 kule kwenye mafunzo kamili, na saba au wanane kwingine.

Profesa Irimu aliyachunguza mafunzo hayo pia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, na akaandika wazi kwamba huko mabadiliko yalikuwa madogo. Wafanyakazi wengi, wanafunzi wanaokuja na kuondoka, wakubwa wasiokubaliana: mafunzo peke yake hayakutosha. Angeweza kunyamaza, hakunyamaza.

Sasa nikwambie langu. Nilipokuwa mgeni kazini, usiku mmoja wodi ilikuwa imejaa na mizani haikuwa karibu. Nilimtazama mtoto, nikamkadiria kilo 12, dawa ikahesabiwa hivyo. Asubuhi tukampima, ana kilo 9. Alipona, tunashukuru, lakini mimi sijasahau. Tangu siku hiyo sikadirii nikiwa na njia ya kupima. Wewe mwenye shamba, karani wa majani akikuangalia kikapu kwa macho tu akaandika kilo, utakubali? Utamshika koti. Basi nishike koti na mimi. Niulize, "Sista, umempima?"

Tena ukifika na mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, anayepumua kwa shida au asiyeamka ukimwita, usitafute mwisho wa foleni. Sema hapo mlangoni, kwa sauti. Hakuna atakayekuona huna adabu. Na nyinyi mlioketi kwenye benchi, mpisheni.

Degedege likimkuta nyumbani, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, tafuta bodaboda. Najua wapo wazee wanaotaka kwanza kumfukizia moshi. Waambie kwa heshima kwamba sista amesema gari kwanza. Beba kijitabu cha mama na mtoto, na chupa ya dawa yoyote aliyokwisha kunywa, hata kama uliinunua dukani na unaona aibu kusema.

Yule mama wa foleni alirudi baada ya wiki mbili. Alimvua mtoto koti na viatu mwenyewe, akamweka kwenye mizani, akasoma: kilo 8 na nusu. Kisha akaniangalia nione kama nitaandika vile vile.

Niliandika 8.5. Saisere, tukutane katika kipindi kijacho.